Namna ya kutofautisha watu maarufu wenye jina moja kabla hujaprinti bango au kuposti

Mbukwenyi wadau. Mi nina steshenari ndogo hapa Dodoma mjini, upande wa Majengo, kazi ni zile zile, fotokopi, laminesheni, kuandikia watu barua, ila kinachonilipia kodi ya fremu ni mabango na wasifu. Dodoma ya sasa kila wiki kuna mahafali, kuna semina, kuna mgeni rasmi, na kila mtu anataka bango lenye picha ya kiongozi fulani na maneno mawili matatu chini yake. Sasa kwenye huyo "kiongozi fulani" ndo penye kazi, maana majina yetu yanajirudia sana, na ukikosea mtu hapo hujakosea herufi, umempa mtu sifa za mwenzake.

Niliwahi kukosea vibaya. Mwanzoni mwa Aprili alikuja mwalimu wa shule moja ya msingi upande wa Chamwino, akaniambia dada naomba bango la Karume Dei, weka picha ya Karume na miaka yake. Foleni ilikuwa ndefu, umeme ulikuwa unarudi na kukatika, nikasachi Karume nikachukua picha moja ya rangi, nzuri, imetulia, nikaprinti. Kesho yake mwalimu karudi na bango kalikunja kwapani. Hakufoka. Alisema tu, "Dada yangu, huyu ni mtoto, na siku ile tunamkumbuka baba." Nilichoka kabisa. Nikaprinti jingine bila hela, ila watoto walikuwa wameshalisoma lile la kwanza asubuhi nzima. Toka hapo nikajiwekea utaratibu na leo nauandika kama ninavyoufanya mwenyewe, labda utamsaidia mtu wa steshenari, MC, mwalimu, au yeyote anayeposti mambo ya watu wakubwa.

Kabla sijafungua hata laptopu nachukua kikaratasi naandika mistari mitatu. Mtoto wa nani. Wa wapi. Miaka ipi alifanya hilo jambo analokumbukwa nalo. Basi. Mstari ukibaki mtupu siprinti, nampigia mteja namuuliza, na mteja akisema "we weka tu, watu wanamjua" nakuwa mkali kidogo, maana wanaojua hawahitaji bango, bango ni la yule mtoto wa darasa la nne asiyejua.

Tuanze na mstari wa baba maana ndo wenye mambo mengi. Sisi kwetu jina la pili huwa ni la baba na la tatu mara nyingi la babu au la ukoo, alafu tuna desturi ya kumpa mtoto jina la babu yake. Ukiziunganisha hizo mbili unapata majina yanayogeuka kama shati. Rais wa kwanza wa Zanzibar alikuwa Abeid Amani Karume, yaani Abeid mtoto wa Amani, aliongoza toka 1964 mpaka alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, ndo maana Karume Dei iko tarehe hiyo. Mwanae ni Amani Abeid Karume, Amani mtoto wa Abeid, naye akawa Rais wa Zanzibar toka 2000 hadi 2010. Maneno ni yale yale matatu, mawili ya mbele yamebadilishana viti tu! Kwa iyo ukiona mtu kaandika "Rais Karume wa Zanzibar" bila jina la mbele, hajakwambia kitu bado. Mi siku hizi naangalia neno la kwanza ni Abeid au ni Amani, nalisoma kwa sauti, alafu ndo nagusa picha.

Ukoo wa Sykes nao uko hivo. Kuna Kleist Sykes mzee, alizaliwa 1894, akawa mmoja wa walioanzisha African Association kule Dar es Salaam, akafariki 1949. Alafu kuna Kleist Sykes mjukuu, mtoto wa Abdulwahid, huyu alikuwa meya wa Dar es Salaam miaka ya 2000. Mtu akikuletea karatasi imeandikwa "Kleist Sykes, meya, mwanzilishi wa African Association", hapo kaunganisha babu na mjukuu, na atakwambia kabisa kasoma mtandaoni.

Mstari wa miaka unakusaidia pale ambapo hata cheo kimefanana. Mfano wangu mkubwa ni Mwinyi. Watu wengi wanajua Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa Tanzania 1985 mpaka 1995, yule Mzee Ruksa, ila wanasahau kwamba kabla ya hapo, 1984 hadi 1985, alikuwa Rais wa Zanzibar. Na mwanae Dk. Hussein Ali Mwinyi ni Rais wa Zanzibar toka 2020. Sasa ukiandika "Mwinyi, Rais wa Zanzibar", jina limefanana na cheo kimefanana, bila mwaka hutoki hapo. Mzee alipofariki tarehe 29 Februari 2024 mama mkubwa wangu alinipigia simu toka Mpwapwa, sauti inatetemeka, kasikia redioni "Mwinyi" na neno "Zanzibar" juu kwa juu, ananiuliza yupi, mzee au kijana? Nikamwambia mama ni mzee, Ali Hassan. Akanyamaza, alafu akaanza kumlilia mzee sasa, maana alimpenda. Ona, hata kulia mtu anataka ajue anamlilia nani.

Mstari wa mahali nao usiuchukulie poa, hasa kwa wabunge, na sisi wa Dodoma ndo tunakaa nao. Nikupe Joseph wawili. Bunge la 2015 hadi 2020 lilikuwa na Joseph ambaye ni mwanamuziki wa hip hop, mbunge wa Chadema. Unamjua? Subiri, walikuwa wawili. Joseph Osmund Mbilinyi, yaani Sugu, wa Mbeya Mjini, na Joseph Leonard Haule, yaani Profesa Jay, wa Mikumi. Jina moja, kazi ile ile ya muziki, chama kimoja, bunge moja, ukumbi mmoja. Kinachowatenga ni jina la baba, ukoo, na jimbo. Kwa wabunge mi naenda kwenye Hansadi, ile taarifa rasmi ya majadiliano, ipo kwenye tovuti ya Bunge, pale hawaandiki Joseph peke yake, wanaweka na herufi ya jina la kati na ukoo. Ukifika pale umefika, huna haja ya kuamini skrinshoti ya mtu.

Ukoo peke yake hautoshi, na hapa naongea na Wagogo wenzangu maana tunapenda kusema "Malecela" tukadhani tumemaliza. John Samuel Malecela ndo aliyekuwa Waziri Mkuu 1990 hadi 1994. Anne Kilango Malecela, mke wake, alikuwa mbunge wa Same Mashariki. Na Dk. Mwele Ntuli Malecela, binti yake, alikuwa mwanasayansi, aliongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, alafu akaenda Shirika la Afya Duniani kusimamia kazi ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, akafariki Februari 2022. Kuna msichana wa kidato cha pili alikuja kuprinti kazi ya shule kaandika "Dk. Malecela" juu ya maelezo ya yule mzee, nikamkalisha pale kwenye benchi nikamuonyesha Dk. Mwele ni nani. Alifurahi sana kujua kuna mwanamke wa huku kwetu kafika kule, aliondoka na karatasi mbili badala ya moja, na ile ya pili sikumtoza.

Lusinde hivo hivo. Job Lusinde alikuwa waziri toka miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, enzi za Mwalimu, alifariki 2020. Livingstone Lusinde, anayejulikana kama Kibajaji, aliingia bungeni 2010 kwa jimbo la Mtera, jimbo ambalo kabla yake lilikuwa la John Malecela. Ukiandika "Lusinde, mwanasiasa wa Dodoma" umewasema wote wawili na hujamsema hata mmoja.

Dini ya jina nayo isikupeleke. Watu wakiona Ramadhani wanaenda moja kwa moja kwamba ni Mwislamu. John Ramadhani alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Tanzania, 1984 hadi 1998. Augustino Ramadhani alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania 2007 hadi 2010, akafariki 2020, na huyu jaji naye alipewa upadri, Anglikana hiyo hiyo, na wote wawili wana historia ya Zanzibar. Kwa iyo mtu akisema "yule Ramadhani wa Anglikana wa Zanzibar" bado hujapata mtu, uliza, askofu au jaji.

Na kwenye vitabu vya dini watu walishaliona hili kitambo. Injili ya Yohana 14:22 inaandika "Yuda (siye Iskariote)", mwandishi aliona aibu ya yule mwingine isimwangukie huyu, akaweka maneno mawili tu ya kumlinda. Wanazuoni wa hadithi nao wana Abdullah wanne wanaotajwa pamoja, Ibn Umar, Ibn Abbas, Ibn Zubayr na Ibn Amr, na ukiangalia kinachowatenga ni lile lile la kwetu, mtoto wa nani.

Sasa niongee la Matonya, na hili linaniuma. Kuna Matonya mwanamuziki, Seif Shaban, mtu wa Tanga, yule wa wimbo wa Vaileti. Na kuna Mzee Matonya, mtu wa huku Dodoma, aliyekuwa akiomba barabarani Dar es Salaam miaka ya 90, akirudishwa nyumbani anaenda tena. Ukisachi jina unawapata wamechanganyika, picha ya huyu na habari za yule. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba jina la mzee mmoja lilichukuliwa likafanywa jina la kabila zima, mimi mwenyewe nimeitwa Matonya chuoni, mara ya kwanza nilikaa kimya, mara ya pili nikajibu. Kwa iyo nikiandika Matonya naandika yupi, naandika mzee ni mzee, mwanamuziki ni mwanamuziki, na wala situmii jina la mtu kama neno la dhihaka. Ukishazoea kutenganisha watu wawili wenye jina moja, huwezi tena kuwabeba watu wote wa mkoa ukawatupia jina la mmoja.

Kwa hao wa Dodoma kuna na Zawose. Hukwe Zawose ndo yule mpiga zeze na ilimba aliyeutoa muziki wa Kigogo mpaka majukwaa ya Ulaya, alifariki 2003. Charles Zawose alipiga naye. Pendo na Leah Zawose ni wa vizazi vilivyofuata. Ukiwa na picha ya mwanamke ameshika ngoma usiandike "Zawose" peke yake, andika Pendo au Leah, mtu anafanya kazi apewe jina lake.

Tutoke nje kidogo maana vijana wanaoleta kazi zao kwangu wengi ni wa mpira. Wabrazili walipata shida ya Ronaldo ikabidi watengeneze ngazi. Kombe la Dunia 1994 kulikuwa na beki anaitwa Ronaldo, mkubwa kiumri, na kijana wa miaka 17 naye Ronaldo. Wakamwita beki Ronaldão, Ronaldo mkubwa, na kijana Ronaldinho, Ronaldo mdogo, kama sisi tunavyosema Juma Mkubwa na Juma Mdogo kwenye nyumba moja. Olimpiki ya 1996 akawepo Ronaldo mwingine tena, beki, kwa iyo kijana akavaa jezi iliyoandikwa Ronaldinho. Alafu baadae akatokea Ronaldo de Assis Moreira, huyu nae mdogo zaidi, jina Ronaldinho lishachukuliwa, wakamwita Ronaldinho Gaúcho, kwa mkoa aliotoka kule kusini, Rio Grande do Sul. Ndo huyo tunayemjua sote kwa jina la Ronaldinho. Na yule kijana wa kwanza akabaki Ronaldo, akafunga mabao 8 Kombe la Dunia 2002. Cristiano wa Ureno, aliyezaliwa 1985, ni mwingine kabisa, nae kapewa jina kutokana na Ronald Reagan. Ukiletewa "Ronaldo alichukua Kombe la Dunia" uliza miaka, ni Mbrazili.

Luis Suárez pia. Julai 2023 jirani yangu aliingia dukani kashika kichwa, Suárez kafa! Aliyefariki ni Luis Suárez Miramontes, Mhispania, mchezaji bora wa Ulaya 1960, siyo yule wa Uruguay aliyezaliwa 1987. Na kuna waliotatua kwa adabu wenyewe kwa wenyewe: Winston Churchill wa Uingereza alikuta kuna Winston Churchill mwandishi wa riwaya Marekani, wakaandikiana barua 1899, yule Mwingereza akakubali kuweka Spencer katikati ya jina lake kwenye vitabu vyake. Nampenda kwa hilo, alikubali kuongeza neno ili msomaji asipotee.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo watu hawaliongelei, kumgawa mtu mmoja kuwa wawili. Orodha ya mawaziri wakuu wa Tanzania inachanganya sana hapa. Rashidi Kawawa yupo 1962, alafu yupo tena 1972 hadi 1977. Edward Sokoine 1977 hadi 1980, alafu 1983 mpaka alipofariki kwenye ajali tarehe 12 Aprili 1984, akitoka hapa hapa Dodoma kwenda Dar es Salaam. Cleopa Msuya 1980 hadi 1983, alafu 1994 hadi 1995. Wanafunzi wanaona jina mara mbili wanadhani ni baba na mwana, mmoja aliwahi kuniletea bango lina Sokoine wawili wana picha mbili tofauti, na picha zote ni za mtu mmoja, moja kavaa kofia. Ukiona jina limejirudia kwenye orodha angalia kwanza jina la baba, likiwa lile lile na umri unaingiliana, ni mtu mmoja aliyerudi kazini.

Kwenye kusachi fanya hivi. Weka jina zima ndani ya alama za kufungua na kufunga semi, Google itatafuta maneno hayo yakiwa pamoja, usiandike Joseph Haule wazi wazi. Ongeza neno moja la mahali au kazi, mfano Mikumi. Ukitaka kumtoa mtu mwingine njiani weka kistari cha kutoa kimegusana na neno, Matonya -Vaileti, zile za muziki zinapungua. Na jaribu tahajia zote, Ali na Ally, Mohamed na Mohammed na Muhammad, Rashid na Rashidi, Hussein na Husein, maana kila karani aliandika alivyosikia.

Picha mi nazikagua hivi, rangi na umri. Kama mtu alifariki 1972 na picha ina maikrofoni za kisasa zenye nembo za televisheni, hiyo picha siyo yake, ndo kosa langu la Karume lilivyokuwa, ukumbi wenyewe ulikuwa unaniambia nami sikusikiliza. Fungua ukurasa picha ilipotoka usome maelezo chini yake, usichukue kwenye vile vijipicha vya Google tu, vinakusanya yeyote mwenye jina hilo.

Na angalia kama jina ni la mtu au la jengo. Mazengo ni mtemi wa Wagogo, wa Mvumi, ila mtu wa umri wangu ukimwambia Mazengo anafikiria shule, ile sekondari ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha St. John's. Benjamin Mkapa ukiwa Dodoma ni hospitali, ukiwa Dar ni uwanja wa mpira. Sokoine ni chuo Morogoro na uwanja Mbeya. Mteja akisema niwekee picha ya Mkapa, muulize.

Ukishakosea, na kuna siku utakosea, usifute kimya kimya. Kama umeposti, andika chini yake majina yote mawili kamili, "picha ya mwanzo ilikuwa ya Amani Abeid Karume, tunayemkumbuka leo ni Abeid Amani Karume", maana walioiona ya kwanza hawatarudi kutafuta, wataikuta hapo hapo. Kama ni bango, lirudishe ulione mwenyewe, printi jingine, usimtoze mtu. Yule mwalimu wa Chamwino bado ni mteja wangu, kila Aprili anakuja na kikaratasi chake mwenyewe kina mistari mitatu, ananipa kabla hata hajanisalimia.